Tupeane uzoefu: lini ulijikamata unamtumikia Mungu ili watu wakukubali?

Mleta mada: Wapendwa, naanza mimi msije mkasema nawachokonoa. Nimeongoza maombi kwenye kikundi chetu miaka sita. Siku moja katikati ya maombi, sauti iko juu, nikajikuta nimefumbua jicho moja natazama nani analia. Dada wa safu ya mbele naye kafumbua, ananitazama. Tukafumba haraka kama wezi. Badala ya kunyamaza, nikaongeza sauti! Aibu yenyewe iko hapo.

Usiku nikajiuliza: mara ya mwisho kuomba kwa nguvu zile nikiwa peke yangu ni lini? Sikupata jibu. Peke yangu nilikuwa naomba dakika mbili, usingizi unaninyemelea. Na ile Mathayo 6, ingia chumbani ufunge mlango, nimeihubiri mara kadhaa na kuitikiwa amina.

Leteni yenu. Tusihubiriane, tusimulie.

Kinywa Kizito: Yangu ni ushuhuda. Niliombewa presha, nikasimama mbele ya kusanyiko nikasema nimepona. Watu wakashangilia. Sikupima. Dawa niliendelea kumeza, chooni, mlango nimefunga (Mathayo 6 yangu ndiyo hiyo, mnisamehe).

Wiki ya tatu mama mmoja akanishika mkono, uso unang'aa, akaniambia: "Mwanangu, ushuhuda wako umenijenga. Na mimi zangu nimeacha." Miguu iliisha nguvu. Nikamweleza ukweli palepale, akarudi kwa daktari siku hiyohiyo. Kumwambia yeye peke yake kulinichukua dakika moja. Kusimama tena mbele ya wale walionishangilia kulinichukua mwezi mzima. Kuna wapendwa mpaka leo salamu zao zimepoa.

Wa Safu ya Nyuma: Mfungo. Nikiulizwa "mbona umepauka?" najibu "aah, kawaida tu," kwa ile sauti ya mtu anayetaka aulizwe tena. Sina zaidi.

Mtoro wa Kwaya: Nilitoka kwenye huduma nikatangaza sitafuti tena kibali cha wanadamu. Wagalatia 1:10 ikawa wimbo wangu: kama ningekuwa nawapendeza wanadamu, nisingekuwa mtumwa wa Kristo. Kumbe nilihamia tu kwa watazamaji wengine, wale wanaomsifu mtu asiyejali sifa. Kila aliyeniambia "una ujasiri" nilimhesabu. Kichwani nilikuwa na idadi kamili, jamani.

Kilichonishika ni sura inayofuata ya barua hiyohiyo. Petro kule Antiokia alikuwa anakula vizuri tu na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi. Wakaja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga taratibu, kwa woga, hata Barnaba akamfuata. Huyo ni Petro, ambaye Mungu alikwisha kumwonyesha ile shuka yenye wanyama akiwa juu ya dari, kwamba asimwite mtu yeyote najisi. Jambo alilijua, ila alizitazama nyuso za waliokuja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kutaka kukubaliwa ni dhambi. Mpweke anahitaji watu. Mimi siku hizi najiuliza swali moja tu: ni kitu gani nakificha ili wasiniache? Nikikosa jibu, najua bado najidanganya.

Wa Safu ya Nyuma: Nimerudi. Someni habari za mfalme Sauli, 1 Samweli 15. Anakiri amekosa, na pumzi hiyohiyo anamwomba nabii Samweli amheshimu mbele ya wazee. Toba zangu nyingi ni za namna hiyo. Machozi yapo, na jicho moja liko kwa wazee.

Mleta mada: Jicho moja tena! @Kinywa Kizito, yule mama anaendeleaje?

Kinywa Kizito: Yupo, mzima. Tunakumbushana saa ya dawa, na mara nyingi yeye ndiye anayewahi kunikumbusha. Ila nikiwa na wageni, mwenzenu bado naendea chooni.