Wachezaji wanaomba kuruka mara mbili, niwape?

mkunazi_dev: Wakuu, gemu ni la kuruka majukwaa, fremu (picha) 60 kwa sekunde. Ombi linaloongoza ni kuruka mara mbili, yaani kuruka tena ukiwa bado hewani, na wengine wanataka lipigiwe kura. Mashimo yote yamepimwa kwa mruko mmoja. Hawa watu wasikilizwe kiasi gani?

fundi_pikseli: Mkuu, mgonjwa anajua panapouma, dozi unaandika wewe. Ukiwapa mruko wa pili utapima upya kila shimo, na njia za mkato zitakuwa tele.

Omba video kwanza, uzitazame fremu kwa fremu. Mara nyingi utakuta kitufe kimebonyezwa fremu 2 au 3 baada ya mguu kuacha ukingo. Mchezaji anaapa kabonyeza mapema, gemu linakataa. Weka msamaha wa fremu 6, yaani sekunde 0.1, aruhusiwe kuruka hata akishatoka ukingoni. Kwenye kutua vilevile: akibonyeza kabla hajagusa chini, amri isubiri fremu 6 itekelezwe akigusa. Gemu la Celeste linatumia zote mbili.

Angalizo: futa msamaha papo hapo anaporuka. Ukisahau, umewapa mruko wa pili bila kutaka 😄

kodi_ya_pwani: Kuhusu kura, tazama gemu la mtandaoni la Old School RuneScape. Ilifunguliwa 2013 kutokana na nakala ya mchezo ya 2007, na nyongeza zilihitaji 75% ya kura za wachezaji. 2022 wakashusha hadi 70%. Ujuzi mpya uliopendekezwa, Warding, ulianguka kwenye kura mwaka 2019, enzi za 75%. Inafaa kwao kwa sababu wapigakura ni wazoefu wanaojua nini kitaharibika, na hata hivyo watengenezaji wake, Jagex, hurekebisha mambo kadhaa bila kura. Minecraft nayo ilikuwa ikipigisha wachezaji kura ya kuchagua kiumbe kipya, kampeni zikageuka ugomvi, watengenezaji wake Mojang wakaachana na kura hiyo 2024. Gemu changa halina wapigakura wa aina hiyo.

mzee_wa_hitilafu: Naongezea: hesabu watu, usihesabu ujumbe. Watano wenye kelele wanaweza kujaza ukurasa mzima, na aliyekata tamaa hakuandikii, anafuta tu gemu. Kwa hiyo gemu lirekodi hatua, mahali mchezaji alipofia, na fremu ngapi zilipita tangu atoke ukingoni hadi abonyeze. Zikirundikana kati ya 1 na 6, dawa ni ya fundi_pikseli. Zikivuka 15, shimo lenyewe halisomeki: kamera inachelewa kusogea, au rangi ya ukingo imefanana na ya nyuma.

Jaribu kwanza kwenye tawi la beta (toleo la majaribio) lenye nywila kwenye Steam, duka la magemu, ndipo uguse toleo la wote.