Harmonika moja ya C: nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu au nyingine?

PumziNdefu
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wenye uzoefu. Nina harmonika ya matundu 10, ufunguo wa C. Nafasi ya kwanza nimeizoea, ya pili naimudu kwenye bluzi. Sasa nasikia watu wakitaja ya tatu, ya nne, hata ya kumi na mbili. Napenda bluzi, nyimbo za huzuni za maina na jazi kidogo. Nizame kwenye nafasi moja mpaka nipate sauti yangu, au nijifunze zote?

Nusu_Toni
Karibu ndugu. Kwa wanaoanza: nafasi ni uhusiano kati ya ufunguo wa harmonika na ufunguo wa wimbo. Kila nafasi inapanda kwa hatua ya tano, yaani unahesabu noti tano ukianza na uliyopo: C, D, E, F, G. Kwa harmonika ya C, ya kwanza ni C, ya pili G, ya tatu D, ya nne A, na ya kumi na mbili inaangukia F.

Kwa bluzi sioni mshindani wa nafasi ya pili. Ukivuta matundu 1 hadi 4 kwa pamoja unapata kodi kamili ya G (noti kadhaa zinazolia pamoja), na noti zinazopindika vizuri, yaani unazoweza kuzishusha kwa mdomo na ulimi, ziko palepale chini ya pumzi yako. Chukua tundu la 3 kuvuta. Lenyewe ni B, na linashuka hadi B flati (nusu toni chini ya B), A, mpaka A flati. Mpigaji wa bluzi hasimami juu ya B flati kamili, anaelea kidogo juu yake, katikati ya meja (ladha ya furaha) na maina (ladha ya huzuni). Sehemu ya nyuma ya ulimi inashuka kana kwamba unatoka "ii" kwenda "oo", na pumzi isiongezeke. Kwenye upana huo mdogo wapigaji wawili hawafanani kamwe. Ukitafuta sauti yako, anzia hapo.

Kijilimi
Naafiki kuhusu bluzi, ila nafasi ya pili inasifiwa mno. Saba yake, yaani noti ya saba ya ngazi, ni F, si F shapu (nusu toni juu ya F), kwa hiyo wimbo wa meja unaohitaji saba ya juu utakusumbua tundu la 5. Charlie McCoy, mpigaji mkubwa wa kantri, anajulikana kwa harmonika ambazo tundu hilo la kuvuta limepandishwa nusu toni. Wimbo ukikugomea, wakati mwingine dawa ni kubadili harmonika, si nafasi.

Na msidharau ya kwanza. Jimmy Reed alipiga bluzi kwenye nafasi ya kwanza akiwa juu kabisa, akipinda noti za kupuliza za matundu 8, 9 na 10. Sauti ile ni yake, unaitambua mara moja.

SautiYaD
PumziNdefu, umesema maina. Basi linganisha ya tatu na ya nne kwa makini, maana watu huzichanganya.

Ya tatu: nyumbani kwako ni D, tundu la 4 kuvuta. Vuta 4, 5 na 6 pamoja, hiyo ni kodi ya D maina bila jasho lolote. Ladha yake ni kali na ya giza, na Little Walter, mpigaji wa bluzi, aliitumia vizuri sana. Ila sita yake ni B asilia, isiyo flati. Wimbo ukitaka B flati, masikio ya watu yatakwaruzika.

Ya nne: nyumbani ni A, tundu la 6 kuvuta. Kutoka hapo hadi tundu la 10 kuvuta unayo A maina asilia yote bila kupinda hata noti moja. Kwa nyimbo za huzuni zenye mwendo wa polepole mimi naichagua hii kabla ya nyingine yoyote. Kasoro yake iko chini: A ya katikati ni tundu la 3 lililopindwa toni nzima, na isipotulia wimbo wote unayumba.

PumziNdefu
Asante sana dada. Na jazi je? Ya kumi na mbili?

Nusu_Toni
Ya kumi na mbili ni tamu, nyumbani ni F kwenye tundu la 5 kuvuta. Nne yake ni B badala ya B flati, kwa hiyo chagua melodia zinazoiruka: F, G, A, C, D zinapatikana kirahisi kuanzia tundu la 5 hadi la 8. Howard Levy alionyesha kwamba kwa ovablo (mbinu ya kupuliza inayotoa noti zinazokosekana) unaweza kupiga funguo zote kwenye harmonika moja, ila hiyo ni safari ndefu. Toots Thielemans alipiga jazi yake kwenye kromatiki, yenye kitufe cha pembeni.

Kijilimi
Kuhusu swali lako la kwanza: usijifunze zote kwa mpigo. Chukua melodia moja fupi uipendayo, uipige kwenye ya kwanza, ya pili na ya nne. Utasikia mahali inapopumua na mahali inapobanwa. Zile pinda na mitetemo unazorudia bila kufikiri, popote ulipo, ndizo zako. Zilinde.

PumziNdefu
Nimejaribu ya nne sasa hivi. Nimeipenda sana, lakini tundu la 10 kuvuta linakauka, linatoa mlio wa hewa tu.

SautiYaD
Unavuta kwa nguvu mno. Vijilimi vya juu (vile vibamba vyembamba vinavyotetema ndani) ni vifupi, havihitaji pumzi nyingi. Legeza koo, vuta kidogo kuliko unavyodhani inatosha, na ufikie 10 ukitokea 9 kuvuta bila kukata pumzi.