Mama mwenye nyumba kafungua dirisha mtu umelala, nje hasi 8!

Mpiga Mbizi
Wakuu, huyu mama mnamjua. Kila mwanafunzi aliyefikia kwenye familia ya Kijerumani anamjua, sina haja ya kumtaja. Leo saa 1 asubuhi, nje hasi 8, mtu umelala. Anabisha mara moja, hasubiri kuitikiwa, anaingia, anazungusha koki ya hita mpaka kwenye kile kinyota cha chini kabisa, karibu na kuzima, halafu ANAFUNGUA DIRISHA. Siyo upenyo. Lote! Pazia linapepea kama tanga la jahazi, na yeye kasimama pale na aproni yake ANAANGALIA SAA.

Mtu umelala! Hata kuku bandani hafunguliwi hivyo. Kodi inatoka kila mwezi kwenye zile euro 992 za Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayomtolea mwanafunzi wa kigeni kiasi kile kile kila mwezi, na joto limo humo humo. Katamka neno moja tu, "Lüften", yaani kupitisha hewa, kama anasoma dua, kaondoka. Dakika 10 nzima! Chumba kimekuwa friza la bucha, masikio ukiyagusa yanavunjika kama kaukau. Lakini kilichoniuma ni ile saa. Alikuwa anapima!

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumelipokea: vyombo tunaosha, theluji ya mlangoni tunafagia. Dirisha limo kwenye methali gani?

Fundi Mkongwe
Kuingia bila kuitikiwa, kakosea. Dirisha, hajakosea. Nyumba zile zimezibwa kila tundu. Usiku mmoja mtu anatoa mvuke wa kama glasi ya maji kwa kupumua tu. Mvuke unakimbilia ukuta wenye baridi zaidi, kona ya nje nyuma ya kabati, unageuka maji, na baada ya wiki chache kuna ukungu mweusi. Ukikutwa kwako, lawama ni yako.

Dirisha linafunguliwa lote mara 3 au 4 kwa siku. Kwa hasi 8, dakika 5 zinatosha. Hapo kwenye 10 kazidisha. Koki inarudishwa kwenye kinyota kwanza, la sivyo inahisi baridi na hita inawaka kwa nguvu zote kupasha joto mtaa. Kuta na kitanda havijapoa, kwa hiyo ukifunga chumba kinarudi haraka. Mkono wa dirisha ukitazama chini limefungwa, ukilala limefunguka lote, ukitazama juu linaegama. La kuegama kutwa ndilo baya kuliko yote, maana linapoza ukuta na hewa haibadiliki vizuri.

Chapati Maji
Hasi 8 ndiyo unaanzisha uzi? Koki ilikuwa namba ngapi? Na nguo umeanika wapi?

Mpiga Mbizi
Namba 5. Nguo ziko juu ya hita. Zikaanikwe wapi, kwenye theluji? Hoja ni kwamba MTU UMELALA na anaangalia saa!

Chapati Maji
Hahaha, mama wa watu anapigania nyumba yake!

Fundi Mkongwe
Mdogo wangu, hiyo siyo koki ya bomba. Namba ni joto unaloagiza: 3 ni kama nyuzi 20, 5 ni kama 28. Namba 5 haipashi haraka kuliko 3, inachelewa kuzima tu. Na nguo zikifunika ile koki, inapata joto la chini ya nguo, inadhani chumba kimeshapata, inafunga. Unabaki na baridi na unyevu pamoja. Anika kwenye kichanja, mbali na ukuta wa nje.

Dada Mkubwa
Bora dirisha. Kuna yule baba anayemdai mwanafunzi euro 18.36 za ada ya redio na televisheni kila mwezi, na yeye mwenyewe analipa hiyo hiyo. Ada ile ni ya nyumba, siyo ya kichwa! Nyumba ikishalipiwa, wote humo wamelipiwa. Mwombe namba yake ya malipo, waandikie wanaokusanya ada hiyo, wanakufuta.

Mwana wa Pangani
Na wale wenye nyumba wanaokataa kusaini Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia kwao? Una wiki 2 tangu kuhamia uandikishe anwani, na bila karatasi hiyo hawakuandikishi. Hakuna namba ya mlipakodi, na kibali cha kukaa kinakwama. Sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuitoa tangu Novemba 2015. Omba siku ile ile unapoteremsha begi, siyo siku ya 13.

Mpiga Mbizi
Jamani, turudi kwenye dirisha. Kaangalia SAA!

Chapati Maji
Mwana wa Pangani, hao hao ndio wanaotoa sufuria la dagaa nje kibarazani.

Dada Mkubwa
Dagaa unawachambua kwanza, utumbo na vichwa ndivyo vinavyonuka. Osha kwa maji moto mara 2, kausha, kaanga mfuniko juu na feni ya jiko ikizunguka. Usikaange baada ya saa 4 usiku, huo ni muda wa ukimya.

Mwana wa Pangani
Na hivyo vichwa vinakwenda pipa gani?

Dada Mkubwa
Funga kwenye gazeti, pipa la kahawia, lile la mabaki ya jikoni. Miji mingine inakataa samaki humo, basi weka jeusi, la taka zilizobaki. La njano ni vifungashio tu.

Chapati Maji
Mkebe wa tuna je?

Dada Mkubwa
Njano. Mwaga mafuta kwanza.