Naombeni ushauri: nataka plasta ya ndani yenye alama za mwiko, sio laini (Arua)

TingaTinga88: Wakubwa shikamooni, wadogo habari. Niko Arua, nina sebule ya matofali ya kuchoma, nataka ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya makochi, uwe na plasta ya kizamani, rafu kidogo yenye alama za mwiko lakini ukiegemea haikuchubui. Fundi wangu anajua kulainisha tu, nikimwambia aache ananiangalia kama nina malaria imepanda kichwani. Nichanganye nini? Haraka jamani, nina wageni.

NyundoNzito: Mbona rahisi. Lowesha matofali jana yake na asubuhi tena, yakiwa makavu yanakunywa maji ya plasta inapasuka. Koti ya kwanza simenti moja mchanga nne, unene sentimita moja na nusu hivi, ichorechore na msumari ikiwa mbichi. Ya juu milimita tatu nne tu, simenti moja chokaa moja mchanga sita, chokaa inafanya isikimbilie kukauka. Hapo mkono uwe mlegevu, pitisha mwiko ovyo ovyo au sponji iliyokamuliwa, ikianza kushika ACHA, ukirudia inang'ooka.

MamaBombo: Kwetu Bombo bibi alipaka udongo na kinyesi cha ng'ombe kwa mikono yake, vidole vyote vinaonekana ukutani, na hakumlipa mtu. Leo mnalipa fundi awaharibie ukuta 😂 Wageni gani hao?

TingaTinga88: Wakwe mama. Wanakuja Jumamosi.

MzeeMwiko: Kijana, huo ukuta sasa hivi ni tofali tupu?

TingaTinga88: Una plasta ya zamani.

MzeeMwiko: Na juu ya plasta?

TingaTinga88: Rangi tu.

MzeeMwiko: Rangi gani, tusivutane.

TingaTinga88: Ya mafuta, ile ya kung'aa. Na chini pamevimba kidogo panamwaga unga mweupe ndio maana nataka nifunike. Lakini jipsamu nimeshanunua na fundi ameshakula adivansi, kwa hiyo tafadhali asiniambie mtu nibomoe.

MzeeMwiko: Bomoa. Rangi ya mafuta plasta haiishiki, itaachia vipande vipande. Huo unga ni chumvi, maji yanapanda kutoka kwenye msingi yanakauka ukutani chumvi inabaki, na jipsamu ikikaa na maji inalainika. Gonga plasta yote hadi tofali, kisha toka nje uangalie, mara nyingi utakuta udongo umerundikwa juu ya msingi au maji ya bati yanamwagikia hapo hapo. Acha pakauke ndio upige chokaa na mchanga, chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Jumamosi sahau.

BodaStejiMoja: Sogeza kabati mbele yake. Kazi imeisha, nadai soda.

TingaTinga88: Kabati sina. Na nimeona video jamaa anapiga jipsamu juu ya rangi imetoka safi kabisa.

MzeeMwiko: Video inaisha siku ile ile.

Mdadisi_WestNile: Subirini kwanza. Mwezi uliopita jina hili hili liliuliza rangi ya sebule ya BLOKU, leo imekuwa matofali ya kuchoma. Na tangu lini wakwe wanakuja kwa kijana, si yeye anaenda kwao? Mtu ana jipsamu stoo anatafuta njia ya kuitaja.

MamaBombo: Wakwe wengine wanakuja baba, wa dada yangu walikuja wakahesabu mpaka sufuria, tena mtoto wao mwenyewe hakuwa na kitanda.

TingaTinga88: Sio uongo!! Nusu ya ukuta ni tofali za mzee marehemu, nusu ni bloku niliongeza mimi nilipopanua sebule. Sikuona kama ina maana.

NyundoNzito: Ina maana sana ssebo, pale zinapokutana ndipo patapasuka kwanza. Pigilia waya wa kuku juu ya maungio, uingie huku na huku kama shubiri moja, ndio plasta ije juu. Na ule mchanganyiko wangu nilijua ni ukuta mpya mkavu, sasa msikilize mzee.

TingaTinga88: Basi Jumamosi nitawakalisha chini ya mwembe. Lakini kugonga ukuta wote… si nigonge hapo palipovimba tu?

MzeeMwiko: Gonga wote.

KobokoKwetu: Hiyo jipsamu kama hujafungua mifuko njoo inboksi, dari langu halina maji.

TingaTinga88: Haijafunguliwa, nauza bei ya kununulia.

Mdadisi_WestNile: Nilisema mimi.