Naomba ushauri: patasi inang'atwa na mti kila nikikereza, wiki ya tatu sasa

MwanaChake
Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Chake Chake, nimejiunga na mafunzo ya vitendo ya kukereza mbao, ya wiki sita. Wanafunzi tuko tisa, keezo la umeme (mashine ya kuzungushia mti ukikatwa kwa patasi) ni moja, kwa hiyo zamu yangu haizidi dakika 40 kwa siku.

Kilichonipeleka ni kitanda cha samadari cha marehemu babu. Tendegu moja, yaani mguu wa kitanda, limeliwa na mchwa na bibi hataki kusikia habari ya kukitupa. Nataka nimkerezee tendegu jipya lifanane na matatu yaliyobaki.

Tatizo ni hili. Nikipeleka patasi, mara inanasa, mpini unaruka na mti unabaki na shimo. Juzi kipande kilichomoka kikanipita karibu na sikio. Tangu siku hiyo nikiwasha mashine mikono inatetemeka. Mwalimu ananiambia nishike kwa nguvu, lakini nikikaza ndiyo inazidi. Natumia vipande vya msaji, mraba wa inchi 3. Sitaki kuacha. Nifanyeje?

FundiWete
Wa alaykumu salaam mwanangu, na pole kwa mshtuko. Nina maswali mawili kwanza. Patasi unainoa baada ya muda gani? Na ikigusa mti, kinachotangulia ni makali au mgongo wake?

MwanaChake
Shikamoo fundi. Tunanoa asubuhi, mara moja. Kinachotangulia ni makali, sikujua kama kuna njia nyengine.

FundiWete
Marahaba. Basi ugonjwa umeshajulikana.

Angalia patasi yako ya mviringo. Nyuma ya makali pana mteremko ule uliosagwa na jiwe. Huo ndio unaotangulia. Weka patasi juu ya kiegemeo, kile chuma cha kuegemezea patasi mbele ya mti, kabla haijagusa mti, mpini uwe chini karibu na nyonga. Peleka mbele mpaka mteremko usugue mti bila kukata kitu. Utasikia tu unapapasa. Sasa inua mpini polepole, kidogo kidogo, mpaka maranda yaanze kutoka. Hapo makali yamebebwa na mgongo wake, hayana pa kuzama. Ukitanguliza makali hayana kinachoyazuia, mti unayavuta ndani, na mkono wa mtu haushindani na mota.

La pili, kata kutoka panene kwenda pembamba, kila siku. Ukipanda mlima unakwenda kinyume na nyuzi na zitakunyanyukia.

Na huo msaji ni mti mzuri lakini una kitu kama mchanga ndani yake, unakula makali upesi. Kunoa asubuhi tu hakutoshi. Mimi nikikereza msaji naenda kwenye jiwe kila baada ya dakika chache na sioni uvivu.

BiUkindu
Naongeza kwa kuwa nami nilijifunza ukubwani. Kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono duru nzima uone haugongi kiegemeo. Mti ukiwa bado mraba anza na mwendo mdogo, kama mizunguko 800 kwa dakika, uongeze ukishakuwa duara. Usisimame usawa wa mti wakati wa kuwasha, simama pembeni. Kinga ya uso mzima, si miwani peke yake. Mie ushungi naufunga nyuma na kuuingiza ndani ya koti, na bangili zinabaki nyumbani. Wanaume nanyi msiingie na kanzu.

KijanaMkoani
Mimi ningesema uachane na msaji kwa sasa. Omba matawi mabichi ya mfenesi kwa jirani. Ubichi unakatika laini na maranda yanatoka marefu kama utepe, mkono unajifunza bila woga. Babu yangu alikuwa na keezo la uta. Kamba imezungushwa kwenye mti, mkono mmoja unavuta na kusukuma, patasi imeshikwa kwa mkono wa pili na vidole vya mguu. Mti ukija kwake anakata, ukirudi anaachia. Nikikumbuka alivyokuwa akiachia ndiyo naelewa maneno ya FundiWete, maana yule mzee hakukaza kabisa.

FundiWete
Kijana kasema kweli kuhusu mfenesi. Ila tendegu lenyewe usilitoe kwenye mti mbichi, utapinda na kupasuka. Na patasi kubwa ya kuondolea pembe usije ukaitumia kwa bakuli, shina lake jembamba linaweza kuvunjika.

MwanaChake
Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku nne. Nimetumia mfenesi mbichi, mgongo kwanza, mpini chini. Siku ya kwanza ilining'ata mara mbili, jana haikuning'ata hata mara moja. Nimempigia bibi simu usiku kumwambia. Mwalimu naye kaniomba niwaonyeshe wenzangu, na sasa tunanoa kila zamu.

Swali la mwisho: tendegu lina sehemu ya mraba panapoingia mfumbati (ubao wa ubavuni) na kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni). Pale mraba unapokutana na duara ndipo naogopa.

FundiWete
Una haki ya kuogopa, pembe zile huzioni zikizunguka. Chora mstari kwa penseli pande zote nne. Kwa patasi bapa ya pembe, ile yenye makali ya mshazari, ncha yake ndefu ikiwa chini, kata mfereji mwembamba kwenye mstari kabla hujagusa kitu kengine, pembe zisije zikabanduka. Kisha teremka kutoka hapo kwenda kwenye duara.

Kwa kufananisha, laza tendegu zima la babu yako juu ya ubao mwembamba, chora umbo lake, likate, hicho ndicho kigezo chako. Pima unene wa kila shingo na kila tumbo uandike hapo hapo kwenye ubao. Matundu ya mfumbati toboa kabla ya kukereza, mti ukiwa bado mraba wote na unakaa vizuri mezani.