Roketi ndogo ya setilaiti: hatua ya kwanza irudi kwa parachuti au kwa injini?

Kijana_wa_Anga: Wakuu, heshima kwenu. Naandaa mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi: roketi ya kupeleka setilaiti ya kilo 150 kwenye obiti ya chini, hatua yake ya kwanza (sehemu ya chini inayoinua roketi kisha kujitenga) itumike tena. Msimamizi anataka itue kwa injini kama Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX. Mimi naona parachuti. Nishaurini kabla sijaandika sura ya pili.

Mzee wa Nozeli: Parachuti. Falcon 9 inabeba tani nyingi. Ikitenga mafuta ya kutua, mzigo wa maana bado unabaki. Electron, roketi ndogo ya kampuni ya Rocket Lab, ina urefu wa mita 18 na inabeba kilo 300 tu. Ukiifunga miguu na kuiachia mafuta ya kurudia, setilaiti utaiweka wapi? Novemba 2020 waliopoa hatua ya kwanza baharini ikiwa imeshuka kwa parachuti, na Agosti 2023 wakarusha injini iliyokwisha kuruka. Injini moja lakini, si hatua nzima.

Binti Mizani: Mzee, parachuti haisaidii kule juu. Hatua inarudi kwenye hewa kwa kasi ya mara kadhaa ya sauti, na hapo ndipo inapoungua. Dogo, anza na ngao ya joto upande wa injini na vijeti vya gesi vya kuigeuza itangulize makalio. Halafu kuna maji ya chumvi, yanaharibu injini. Mei 2022 Rocket Lab walijaribu kuikwepa bahari kwa kuidaka hatua hewani na helikopta. Ilinasa, rubani akaona mzigo unavuta tofauti na majaribio, akauachia. Baadaye wakarudi kuopoa majini.

Kijana_wa_Anga: Asante dada. Na nikimkubalia msimamizi?

Binti Mizani: Roketi yako ina injini ngapi chini?

Kijana_wa_Anga: Moja.

Binti Mizani: Basi hapo pagumu. Hatua ikishakwisha mafuta ni nyepesi mno; injini iliyoinua roketi nzima, hata uipunguze, itairusha tena juu. Falcon 9 ina tisa, inatua kwa moja, na hata hiyo moja haiwezi kuelea: lazima kasi ifike sifuri pale pale miguu inapogusa. Weka tisa ndogo ndipo mjadiliane.

Mzee wa Nozeli: Tisa, kwa mradi wa chuo! Mpelekee majedwali mawili ya uzito, moja la parachuti na moja la injini, achague mwenyewe.