Tupeane uzoefu: mliowahi kuumia kifua, mlipona vipi?

Wakuu, habari za muda huu. Boda niliyopanda ilivaa mkokoteni, nikatua kwa kifua. Eksrei haikuonyesha ubavu uliovunjika, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Ila chafya moja tu, nalia. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Dereva wa Fuso: Pole sana mkuu. Eksrei ikiwa safi usiseme hujavunjika. Ufa mdogo wa ubavu mara nyingi hauonekani, na hata ukionekana tiba ni ileile. Mimi nilibanwa na usukani. Nililala nimeegemea mito, nusu kukaa. Kuamka: geukia upande mwili mzima, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Ukiinuka moja kwa moja utaona maruweruwe.

Mama Wawili: Mama mkwe alinifunga khanga kifuani, ikakaza kama gunia la mkaa. Maumivu yalipungua kweli, ila pumzi ikawa fupi. Kliniki nesi akaifungua huku ananifokea: siku hizi mbavu hazifungwi, maana usipovuta pumzi ndefu makohozi yanaganda chini ya mapafu, nimonia inaingia. Akanipa zoezi: pumzi ndefu kumi kila saa nikiwa macho, na nikitaka kukohoa nikumbatie mto kwa nguvu. Ikafika mahali wanangu wakisikia nasafisha koo tu, mmoja anakimbilia mto.

Kijana wa Gereji: Dawa meza kwa saa ulizoandikiwa, acha kujikaza kiume. Maumivu yakitulia ndiyo unapumua vizuri. Sigara weka kando.

Mfugaji: Mdogo wangu alipigwa teke na ng'ombe, mbavu za chini kushoto. Mchana anatembea na kutania watu. Jioni bega la kushoto likaanza kumuuma, tumbo likajaa, jasho la baridi. Kumbe bandama imepasuka! Akafanyiwa upasuaji usiku uleule. Kwa hiyo ukiona dalili hizo, au pumzi inakata, au unakohoa damu, usisubiri kuche. Homa nayo usiipuuze.

Mleta mada: Asanteni. Kazi yangu ni kupakia mizigo sokoni, nitarudi lini?

Dereva wa Fuso: Ubavu huunga kwa wiki sita hivi, gegedu, ile sehemu laini ya mbele ya ubavu, linaweza kuchelewa zaidi. Tembea kila siku, ila magunia waachie wenzako kwanza. Na ukae mbali na rafiki yako yeyote mchekeshaji, kicheko kinauma kuliko chafya.